Mama hakwenda shule hata siku moja. Tumemzika, tumekuta daftari lake limejaa vijiti. Ni vya nini?

#1 Senene Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimemzika mama wiki tatu zilizopita, kijijini kwetu Missenyi, Kagera. Umri tunakadiria miaka 80 na kidogo. Mwenyewe alisema alizaliwa mwaka wa nzige, na kwetu kila mzee ana mwaka wake wa nzige. Pole zenu nazipokea kwa mkupuo hapa hapa, tusijaze kurasa. Nina swali.

Juzi dada yetu mkubwa kafungua sanduku la bati la mama. Juu kanga, katikati kanga, chini kabisa kopo la Blue Band lenye sarafu zisizotumika tena, cheti cha Kipaimara, na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani hakuna neno hata moja. Kuna vijiti. Vinne vimesimama, cha tano kinavikata, mstari mpaka mstari, ukurasa mpaka ukurasa. Juu ya kila ukurasa kuna mchoro mdogo: samaki, jani, jembe, msalaba, na kitu kinachofanana na jagi. Vijiti vingine vimepigwa wino mwekundu.

Mama hakujua kusoma. Biblia tulimsomea sisi kwa zamu. Asipokuwepo wa kumsomea, aliishika tu mapajani.

Historia kwa kifupi. Novemba 1978, tarehe tano, alivuka daraja la Kyaka kwa miguu akimkimbia Amin, mimi mgongoni nina miaka miwili. Mwaka 1986 baba akafariki, akamwachia watoto saba na kibanja cha migomba na kahawa kisichozidi ekari moja na nusu. Sote saba tumemaliza sekondari, wawili chuo kikuu. Tulipomuuliza hela anatoa wapi, jibu lilikuwa moja: "Mungu hutoa." Sasa nimeshika daftari nasema, kumbe Mungu alikuwa na karani.

Nani amewahi kuona kitu kama hiki?

#2 Kapuku Jeuri

Pole mkuu. Lakini niweke kumbukumbu sawa kwa ajili ya vizazi: Mhaya kaandika uzi mzima hajataja shahada yake hata moja. Au hiyo "wawili chuo kikuu" ndiyo ilikuwa inapita kimya kimya?

#3 Binti wa Pangani

Huo ni upatu, hakuna cha kuumiza kichwa. Bibi yangu alikuwa kijumbe wa upatu, yaani mshika hesabu za mchezo, miaka mingi na hakujua hata herufi a. Kila mchezaji alikuwa na alama yake: mmoja kikombe, mmoja jua, mmoja kuku. Aliyetoa anachorewa kijiti, aliyekwishapokea anakatwa. Samaki hapo ni mama fulani muuza samaki, jani labda ni muuza mboga au mganga. Mama yako alikuwa kijumbe.

#4 Mpambanaji 88

Naunga mkono #3. Hiyo ni Vikoba kabisa, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Mama zetu wametolewa na Vikoba.

#5 Mhasibu Njaa

Mpambanaji, Vikoba tumevijua miaka ya 2000. Mleta uzi anazungumzia mama aliyefiwa na mume 1986. Enzi hizo ni upatu, na haukuwa na katiba wala sanduku la kufuli tatu.

Hata hoja ya upatu naipokea kwa sharti. Kwenye upatu kila mchezaji hutoa mara sawa na mwenzake, la sivyo ugomvi. Kwa hiyo kila ukurasa uwe na idadi moja ya vijiti, au inayokaribiana. Senene, hesabu halafu uje na namba. Bila namba tunapiga ramli.

#6 Mzee wa Kyaka

Mwanangu, pole. Nakukosoa jambo moja kwa upendo. Askari wa Amin waliingia 30 Oktoba 1978. Daraja la Kyaka walilipua 3 Novemba. Tarehe 5 hapakuwa na daraja la mtu kuvuka kwa miguu, mpaka jeshi letu lilipokuja kuweka la muda. Ama mama yako alivuka kwa mtumbwi, ama tarehe siyo.

Nayasema haya kwa sababu nilikuwepo. Waliochelewa siku mbili tatu, wengi hatukuwaona tena.

#7 Senene Mkavu

Mzee wangu shikamoo. Umenifanya nikae chini. Tarehe nimeitunga mwenyewe. Mama hakuwahi kutaja tarehe, alikuwa akisema "tulivuka siku ya kwanza". Mimi nikaichukua kuwa Jumapili, nikafungua kalenda ya 1978, Jumapili ya karibu ikawa 5 Novemba.

#8 Mzee wa Kyaka

Marahaba. Kihaya umekisahau mjini. Siku ya kwanza kwetu ni Jumatatu. Na 30 Oktoba 1978 ilikuwa Jumatatu. Mama yako alivuka siku ile ile waliyoingia. Hakusubiri kuambiwa na mtu.

#9 Kapuku Jeuri

Daah. Mama asiyejua kusoma kampa mwanawe tarehe sahihi, msomi kaiharibu kwa kalenda. Naomba #2 niifute, shahada hazisaidii.

#10 Ticha Mstaafu

Nimefundisha kisomo, kwa hiyo niruhusuni. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mikoa ya ziwa ilitangulia kidogo, maana kulikuwa na mradi wa UNESCO tangu 1968, makao yake Mwanza. Vitabu vya kisomo vilifuata kazi za watu: migomba, pamba, uvuvi, ufugaji. Ukurasa una picha ya samaki au jembe, kisha neno. Mama akishika picha, neno linafuata polepole.

Mleta uzi anasema mama hakwenda shule. Sawa. Je, hakwenda kisomo? Wengi walikwenda msimu mmoja, wakazaa, wakaacha. Picha wakabaki nazo, maneno yakawatoka. Hiyo michoro ya juu ya kurasa inanukia kitabu cha kisomo.

Sahihisho dogo: wakati huo Mkoa wa Kagera haukuwepo. Ulikuwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera limekuja baada ya vita.

#11 KahawaChungu

Mnazunguka mbuyu. Vijiti vinne na cha tano kinakata, hiyo ni hesabu ya godauni. Karani wa chama cha msingi anahesabu magunia hivyo hivyo mpaka leo. Mjane mwenye kibanja cha robusta asipoweka hesabu yake mwenyewe, mizani inamla. Kila debe alilopeleka, kijiti. Kila debe alilolipwa, wino mwekundu.

Tena angalieni miaka. Ushirika ulivunjwa 1976, ukarudishwa miaka ya themanini. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaanguka mpaka watu wakawa wanang'oa mibuni. Mwaka 1994 baridi kali ikapiga Brazil, bei ikapaa, na kwetu watu wakaezeka bati. Mama aliyepita humo akiwa na watoto saba, daftari ndiyo silaha. Na msisahau mpaka wa Uganda uko karibu. Sisemi mama wa mtu alifanya magendo. Nasema tu mpaka uko karibu.

#12 Senene Mkavu

KahawaChungu, mama alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri! (Lakini sukari ya Uganda tulikunywa, sikatai.)

Ticha, ahsante. Sijui kama alikwenda kisomo. Sikuwahi kumuuliza. Ninapoandika hivi naona mambo mengi sikuwahi kumuuliza.

#13 Nyundo ya Ukweli

Niseme wanachoogopa wengine. Tunapenda kusema mama zetu waliishi kwa imani. Imani haikulipa ada. Ada sekondari zilirudishwa katikati ya miaka ya themanini, wakati ule ule baba wa huyu jamaa anafariki. Kilicholipa ni kahawa, ndizi, upatu na akili ya huyo mama. "Mungu hutoa" lilikuwa jibu la kuwanyamazisha watoto wasitangaze kijijini kwamba ndani kuna hela. Mwanamke kafanya kazi ya wanaume watatu, sifa mnampa mwingine.

#14 Mama Wawili

Nyundo, punguza ukali, msiba bado wa moto.

Mimi mama yangu alikuwa Singida, baba kaondoka na mke mwingine nikiwa darasa la tatu. Alikuwa anauza vitunguu kituo cha mabasi. Kila Jumamosi usiku anatoa hela zote kwenye pindo la kanga, anazipanga mafungu kwenye mkeka. Fungu la kwanza la kanisa, hata kama kesho tunalala na uji. Mimi nilichukia sana lile fungu, nikamwambia wazi. Akanijibu: nikianza kuhesabu kwa kujiogopea mimi, nitashindwa kuhesabu kabisa. Nilikuwa mtoto, sikuelewa, na sijui kama nimeelewa hata leo. Ila mwenye kusema imani haikulipa ada, mimi nilimwona mtu aliyepata ujasiri wa kuamka saa tisa usiku kuwahi vitunguu, na ujasiri huo haukutoka kwenye vitunguu.

#15 Nyundo ya Ukweli

Mama Wawili, hapo umenigusa. Msimamo uko pale pale lakini umenigusa.

#16 Mkaa Pwani

Hamjambo kutoka Mombasa. Mamangu alikuwa na kokwa za tende ndani ya kifuko cha kitambaa, ahesabia dhikri baada ya swala ya alfajiri. Nasi watoto twadhani ni za kuchezea bao, twamwibia. Siku hiyo utaipata. Basi nauliza: huyo mama hakuwa ahesabu dua? Kijiti kwa kila aliyemuombea, akijibiwa anapiga wino.

#17 Mtoto wa Parokia

#16 umenikumbusha mama na novena zake. Lakini Walutheri hawana rozari, hawahesabu sala. Huyo angekuwa WAWATA, wale wanawake Wakatoliki, ningekubali.

#18 Senene Mkavu

Mtoto wa Parokia, rozari hatuna lakini watu wa uamsho unawajua? Mama aliokoka katika ule uamsho ulioingia kwetu kutoka Rwanda na Uganda. Saa kumi alfajiri, kabla jogoo, alikuwa anasali kwa sauti kwenye chumba cha pili, na nyumba ya udongo haina siri. Anatutaja saba, mmoja mmoja, na makosa yetu ya jana. Ukimsikia anasema "Bwana, huyu wa tano na mdomo wake," unajua leo kazini utakuwa mpole.

Akimaliza saba hakuishia hapo. Alitaja watu tusiowajua. Majina mengi. Nililala kabla hajamaliza, kila siku. Hapo naona #16 hayuko mbali.

#19 Mtoto wa Parokia

"Huyu wa tano na mdomo wake." Ndiyo maana umekuja kufungua uzi.

#20 Wakili wa Kijiweni

Nimeweka kambi tangu asubuhi, sasa niulize la kwangu. Kibanja. Mjane wa Kihaya mwaka 1986 anabakije kwenye kibanja cha ukoo? Sheria za mila zilizoandikwa 1963 zilimpa mwanamke haki ya kutumia ardhi ya ukoo, si kuuza. Mpaka Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alipotoa hukumu 1990 katika kesi ya Ephrahim na Holaria Pastory, bibi mmoja wa huko huko kwenu aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, mpwa akamshtaki. Jaji akasema mila inayombagua mwanamke haiendani na Katiba. Mwaka 1986 hukumu hiyo haijazaliwa.

Nahisi hilo daftari ni ushahidi. Mwanamke aliyejua siku moja ataulizwa "umefanya nini na mali ya ukoo" akajiwekea hesabu.

#21 Senene Mkavu

Wakili, umegonga penyewe. Hili sikutaka kulileta lakini mmekwishanizoea.

Baba alipozikwa, kabla nyasi tulizotandika sakafuni hazijakauka, baba mdogo mmoja alikuja na wazee wanne. Wakakaa. Mama akawapikia ndizi na samaki wa kukausha, akawasubiri wale wamalize, wanawe mikono. Ndipo baba mdogo akasema kibanja kirudi kwenye ukoo, mama na watoto wadogo warudi kwao, wakubwa wagawanywe kwa mashangazi. Dada mkubwa alikuwa na miaka 17, anakumbuka kila neno. Mama hakulia wala hakupandisha sauti. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akaenda mpaka kwenye mgomba wa mbele kabisa, ule unaoonekana njiani, akaanza kulima. Wazee wamekaa wanamtazama. Akalima mpaka giza. Kesho yake hivyo hivyo. Baba mdogo alikuja mara tatu, mara zote akamkuta analima mgomba wa mbele.

Mara ya nne hakuja. Wengine wanasema mchungaji alizungumza naye. Wengine wanasema mwenyekiti wa kijiji. Mama alisema Mungu alimfunga mdomo. Dada anasema baba mdogo alikuwa anadaiwa na mama, na mama alikuwa na hesabu. Sasa nikikumbuka kuna ukurasa una mchoro wa jembe, mwili unanisisimka.

Kibanja tunacho mpaka leo.

#22 Kapuku Jeuri

Mwanamke kapika kwanza, kasubiri wageni wanawe mikono, ndipo akatoka na jembe. Huyo hata Amin angepewa ndizi kwanza.

#23 Mjukuu wa Bibi

Mimi ni wa Muleba, nimelelewa na bibi. Nimesoma mabandiko yote nikasita kuandika.

Ninyi wa mbali mnasahau miaka hiyo kwetu ilikuwa na jambo jingine. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa Kagera, 1983. Kabla watu hawajajua jina waliuita Juliana, kwa nguo zilizoletwa kutoka Uganda. Katika kijiji chetu ulifika wakati unatoka kuzika, unakuta ujumbe wa msiba mwingine mlangoni. Baba yangu, mama yangu, baba mkubwa, shangazi wawili. Bibi akabaki na wajukuu tisa na kahawa.

Bibi alikuwa kwenye kikundi cha kuzikana. Kila msiba, kila nyumba hutoa: ndizi mkungu mmoja, kuni, fedha kidogo, na mtu wa kulala matanga. Usipotoa, siku yako utazikwa na wanao peke yao. Wanawake ndio walioshika hesabu, na wengi hawakujua kuandika. Bibi alitumia mkaa, akachora ukutani nyuma ya mlango.

Senene, ukurasa wa msalaba una vijiti vingapi? Na umepigwa wino?

#24 Mhasibu Njaa

Hilo swali la #23 nami nalisubiri, ila sasa nalisubiri kwa sauti ya chini.

#25 Senene Mkavu

Nimehesabu mara mbili.

Samaki 112, chini kidogo ya nusu vina wino. Jani 64, vyote vina wino. Jembe 35, vyote vina wino. Jagi 20, hakuna wino.

Msalaba 131. Hakuna hata kimoja kilichopigwa wino.

#26 Binti wa Pangani

Inna lillahi.

#27 Mpambanaji 88

131 katika kijiji kimoja?

#28 Mjukuu wa Bibi

Inawezekana, kama ni miaka mingi na vijiji jirani. Kwetu nilizika wangapi sijui, niliacha kuhesabu. Labda mama yako hakuacha.

#29 Nyundo ya Ukweli

Naomba nisionekane sina moyo. Msalaba unaweza kuwa ni kanisa tu. Ahadi za kanisa, bahasha za kila mwezi, michango ya mavuno. Mama mzee wa kanisa anachora msalaba kwa maana ya sadaka, mbona ni kawaida? 131 ni miaka kumi na moja hivi ya bahasha za kila mwezi. Hesabu inakaa vizuri zaidi hapo kuliko kwenye misiba.

#30 Kapuku Jeuri

Kwa hiyo kwa mujibu wako mama alikuwa anadaiwa na kanisa miezi 131. Mchungaji akisoma uzi huu, familia inaitwa Jumapili.

#31 Mhasibu Njaa

Hoja ya upatu imekufa. Namba hazilingani hata kidogo. Samahani Binti wa Pangani.

Kahawa nayo ina shida: 112, 64, 35 zingeweza kuwa madebe, lakini kwa nini michoro mitano tofauti kwa zao moja? Nabaki na kwamba kila mchoro ni mtu au kundi, na daftari ni la madeni. Jembe, 35, yote yamelipwa. Huyo baba mdogo alilipa. Ndiyo maana mara ya nne hakuja.

#32 KahawaChungu

Mhasibu, mkulima hauzi kahawa tu. Samaki, ndizi za kupika, ndizi za pombe (hiyo jagi!), jembe ni vibarua waliolima. Mtu mmoja, biashara tano. Mnazifanya kuwa fumbo bure.

#33 Mtoto wa Parokia

Mlokole wa uamsho auze ndizi za pombe? KahawaChungu umetoka mchezoni.

#34 Furaha wa Bukavu

Jambo ndugu. Huku kwetu Bukavu ule mchezo wa kupokezana feza tunaita likelemba. Mama alifanya likelemba na wamama wa soko la Kadutu, na yeye pia hakusoma. Alitia fundo mu kamba. Fundo moja, mtu moja. Vita ya 1996 ilipoingia tukakimbia, hakubeba sahani, alibeba ile kamba. Tukarudi, akaenda kwa kila mama, fundo kwa fundo, wengine wamekufa. Alilipa watoto wao. Sijui kama daftari ya mama wa Senene iko hivyo, ila nimekumbuka kamba.

#35 Mama Wawili

Furaha, kamba hiyo bado ipo?

#36 Furaha wa Bukavu

Tulimzika nayo.

#37 Kapuku Jeuri

Jamani nitoke kidogo niwapunguzie. Senene za mwaka huu (panzi wa kula, siyo mleta uzi) bei gani Bukoba? Nauliza kwa rafiki.

#38 Mzee wa Kyaka

Msimu bado. Subiri mvua za Novemba. Na rafiki yako aje mwenyewe, za kuletewa Dar zinafika zimechoka.

#39 Senene Mkavu

Wakuu, mrejesho.

Jana nimepeleka daftari kwa mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho aliyebaki. Nikamsomea na mabandiko yenu, yote isipokuwa ya Kapuku. Alicheka sana aliposikia la magendo. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

Kuhusu samaki alinyamaza muda. Kisha akasema mama alikuwa na rafiki muuza samaki wa kukausha, alikuwa akipanda meli Kemondo kwenda Mwanza. Alipanda MV Bukoba Mei 1996, hakurudi. Walikuwa wamekopeshana tangu ujana, huyu anampa samaki, huyu anampa ndizi, hakuna aliyejua nani anamdai nani. Baada ya ajali mama alikwenda mpaka Igoma kwenye yale makaburi, akarudi, akaendelea kupiga vijiti.

Hapo nikakumbuka. Siku ya mazishi alikuja mwanamke mmoja wa umri wangu, hatumjui, ana mfuko wa sukari wa kilo 25 kichwani. Akaweka, akalia, akaondoka kabla ya chakula. Dada aliandika kwenye daftari la rambirambi: "mgeni, sukari."

Msalaba: mama mdogo anasema ni misiba. Nikafurahi, kama ni neno la kufurahia, kwamba #23 amepata. Lakini jioni nikapita kwa mzee wa kanisa aliyehudumu na mama. Anaapa ni watoto. Anasema wakati ule kanisa letu, KKKT, lilipokuwa likihudumia yatima, mama alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha, na kwa kuwa hajui kuandika alipiga kijiti, kisha jioni anakwenda kwa mwalimu wa shule anamtajia majina kwa kichwa, mwalimu anaandika. Vijiti havikatwi kwa sababu mtoto hakatwi. Nikamwambia mama mdogo anasema ni waliokufa. Akasema mama mdogo wako alikuwa ameolewa Biharamulo miaka hiyo, angejuaje.

Mama mdogo nilipomrudia akasema huyo mzee anasinzia hata kwenye mahubiri yake mwenyewe.

#40 Ticha Mstaafu

Majina 131 kwa kichwa, kijiti kimoja kimoja. Wanafunzi wangu wa kisomo wangeweza. Sisi wenye kalamu ndio hatuwezi.

#41 Nyundo ya Ukweli

Jembe na jani je? Na jagi?

#42 Senene Mkavu

Jembe, mama mdogo alisema "waulize wa ukoo wa baba yenu", akasonya. Jani hakumbuki. Jagi alikataa kabisa kujibu, akaniambia hayo ni ya wanawake.

#43 Binti wa Pangani

Jagi ni upatu! Ishirini, hakuna wino, wanawake watupu. Nimefufuka!

#44 Mhasibu Njaa

Binti, nakurudishia robo. Senene, kabla hatujaendelea: daftari liko wapi sasa? Piga picha kurasa zote, uziweke hapa, tuzipange kwa wino. Wino wa kalamu hubadilika rangi, tunaweza kujua zipi ni za zamani.

#45 Senene Mkavu

Mama mdogo amebaki nalo. Alilifunga kwenye kanga, akaliweka chini ya mto, akaniambia nimsalimie mke wangu. Basi la Dar naondoka alfajiri.

#46 Mhasibu Njaa

Picha ulipiga?

#47 Senene Mkavu

Kurasa saba. Simu ikazima.